Kitenzi Alichoondoka Nacho Ilham

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye magoti mabovu na mafaili hospitalini. Mimi nna miaka kumi na saba, magoti yangu mazima, na faili langu pekee liko ofisini kwa naibu mkuu wa skuli, nalo si jembamba. Lakini juzi Mama alitia ujumbe kwenye grupu la familia, lile lenye mashangazi wanaoamka alfajiri kutumiana picha za maua, kwamba binamu yangu Ilham amekubaliwa chuo kikuu huko Uingereza kusoma historia ya lugha, na kwamba insha iliyomfungulia mlango ilihusu kitenzi kimoja cha Kiingereza kilichokufa zamani. Nikajua ni kitenzi gani kabla sijafika mwisho. "Dight." Kitenzi changu. Mashangazi wakamwaga mioyo na mikono ya dua. Mimi nikaiweka simu kifudifudi, nikala mandazi manne kwa hasira, kisha nikakaa kuandika haya, maana pana mwaka mmoja hapo katikati ambao Ilham hakuutia kwenye insha yake. Hakuutia kwa sababu ana adabu. Mimi sina, kwa hivyo nautia.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tisa. Ilham alikuja kwetu Al Khoudh, huku Uarabuni, kutoka Uingereza mwezi wa nane, wakati usukani wa gari ukiushika unakuacha na alama, akakaa mpaka skuli zilipofungwa mwaka uliofuata. Kwa nini alikuja ni mambo ya watu wazima, waandike wao. Kwangu mimi habari ilikuwa kitanda. Alipewa changu, cha karibu na dirisha, chini ya eisii, mimi nikatandikiwa godoro karibu na kabati lenye mlango unaofunguka wenyewe na kunigonga kichwa. Halafu ukoko. Watu wa nyumba yetu wanajua kwamba Ijumaa, Bibi akipakua pilau, ukoko wa chini ya sufuria ni wangu. Nimeurithi tangu sina meno ya kuutafuna. Ijumaa ya kwanza Bibi akaukwangua, akaufinyanga kwa vidole, akautia kwenye sahani ya Ilham. "Kula, mwanangu. Huko kwenu mnakula vya kwenye makopo." Ilham akautazama ukoko kama mtu aliyepewa kipande cha kigae. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukanyagana, "Hii imeungua, Bibi?" Meza nzima ikacheka kwa mapenzi. Ningeuliza mimi swali hilo ningepigwa kofi la mgongo.

Hayo yote ningeyameza. Tatizo lilikuwa Alhamisi. Bibi ana dada yake Unguja, Bi Zuhura, na wazee hawa wawili hawataki kusikia habari ya kurekodiana sauti kwenye simu. "Sauti inapita," Bibi husema, "karatasi inakaa." Kwa hivyo wanaandikiana barua, barua za karatasi, zinazopelekwa kwa mkono na mtu yeyote anayepanda ndege, pamoja na halwa ya kwenda na mikate ya kumimina ya kurudi. Na barua ya Bibi ikifika haisomwi kichochoroni. Bi Zuhura huita wanawake wa mtaani, hukaa baada ya alasiri, chai inamiminwa, halafu binti yake husoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, hata ile sehemu ya tumbo la Bibi linalojaa gesi. Sasa Bibi ana mtoto wa jicho, haoni mistari. Tangu nina miaka tisa nilikuwa mkono wake. Kila Alhamisi, skuli ikishamalizika, nilikaa chini kwenye zulia la chumba chake, mgongo kwenye sanduku lake, harufu ya udi na ya dawa ya kuchua, yeye kitandani miguu imenyooka, anasema, "Andika." Nami nikiandika. Mama hajui niliyoyajua mimi kutoka chumba kile. Nilijua nani kaachwa kabla yeye mwenyewe hajajua.

Wiki ya tatu ya Ilham, nimeingia na kalamu yangu, nikamkuta kwenye zulia. Kwenye nafasi yangu hasa, mgongo kwenye sanduku. Bibi akasema, "Khola, mwache mwenzio aandike, apate kujifunza lugha ya kwao. Wewe ushajua." Nikabaki mlangoni. Bibi akaanza, "Andika: huku mvua hakuna, ila magari yamezidi, utadhani watu wanayanywa." Ilham akauliza, "Bibi, mvua inaandikwa vipi?" Bibi akamjibu, "Kama inavyonyesha," akacheka mpaka akakohoa, na Neema akaja mbio na maji. Neema ndiye dada anayetusaidia kazi nyumbani, mtu wa Singida, na Kiswahili chake cha bara Bibi hukicheka kila siku ya Mungu. Akanitazama pale mlangoni akaninong'oneza, "Pole, mdogo wangu, umepinduliwa." Nikamwambia akapike.

Mwezi huohuo ndipo nilipokipata kitenzi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mista Jobi, mtu wa Kerala, mwenye kopo la biskuti la bati ambalo ndani yake aliweka vijikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza kilichokufa. Kila mwanafunzi atachota chake, atakaa nacho mwaka mzima, atafute kilizaliwa wapi, kilifanya kazi gani, kilibadilika vipi, kilikufa kwa maradhi gani. Na mwisho wa mwaka, mbele ya wazazi, mmoja tu kutoka kila darasa atapanda jukwaani kukisimulia. Nilipomweleza Bibi akasema, "Basi mjukuu wangu atakayepanda, nitakuja kumsikiliza." Bibi hatoki nyumbani. Hata Matrah, sokoni alikokuwa akishinda, hajatia mguu kwa miaka. Nikalala juu ya godoro langu nikamwona kwenye kiti cha mbele, na abaya lake la hariri, amenijia mimi.

Ilham, aliyetiwa darasa letu, alichota "swink". Maana yake ni kufanya kazi ngumu. Lilizaliwa hivyo, likazeeka hivyo, likafa hivyo, kama mtumishi wa serikali. Mimi nikachota "dight", na nnakiri mwanzo nilitaka kulirudisha koponi, kwani lilisikika kama mtu anayejikwaa. Lakini nilipoanza kulifuatilia, nikaona nimepata mtu mwenye maisha. Lilitoka kwa Warumi, kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusema ili mwingine aandike. Waingereza wa kale wakalichukua na maana hiyohiyo: kumsomea mtu maneno ayaandike, kutunga, kuamrisha. Kisha likapanda cheo, likawa kupanga mambo, kuyaweka sawa. Kisha kutayarisha, chakula, farasi, jeshi. Kisha kuvisha na kupamba, bibi harusi na mashujaa na meza za karamu. Pakafika mahali wakawa wanalitumia hata kwa kumpeleka mtu kifoni, utadhani nako ni kumtayarisha kwa safari. Halafu likachoka, likabaki kwa washairi peke yao, ambao kama ujuavyo huvaa nguo za marehemu. Nilisoma hayo simuni, chini ya blanketi la joto bure, nikacheka peke yangu. Neno lilianza kwa Bibi kusema "andika" na likaishia kwenye mapambo. Lilikuwa langu kwa haki. Ilham alijua. Siku moja tukiwa kwenye basi la skuli akanambia, "Khola, tubadilishane. Kitenzi yangu hana hadithi."

"Kitenzi changu hakina," nikamsahihisha. "Na hapana."

Raha niliyoipata hapo! Nikaishi kwayo siku tatu. Ya nne ilikuwa Alhamisi, nikapita mbele ya chumba cha Bibi, nikasikia wanacheka, wote wawili, na Bibi anamwimbia wimbo wa kunibembelezea mimi. Nikaiona raha yangu imekwisha kama barafu ya soda.

Barua ikishaandikwa hubaki kwenye kimeza cha ukumbini, haijafungwa, mpaka apatikane msafiri. Siku ile ilikuwa pale. Bi Zuhura alikuwa ametuletea mikate ya kumimina, minne, imefungwa kwa taulo, na Ilham alikuwa ameandika shukrani za Bibi kwa herufi zake kubwa za duara, kama mayai. Ukurasa ulikuwa na nafasi chini. Mimi ni fundi wa miandiko. Sahihi ya baba yangu naitia vizuri kuliko baba yangu. Na hebu niseme kweli, si mara ya kwanza mkono wangu kuongeza kitu. Tangu zamani nilikuwa nikipamba: Bibi akisema "nimekukumbuka" naandika "nimekukumbuka sana", akisema "salamu" naongeza "zisizo idadi". Nilijiona nafanya wema. Safari hii nikachukua kalamu nikaandika, kwa mayai ya Ilham: "Na ile mikate yako, miwili tumekula kwa kustahi, na miwili tumeitumia kuzuia mlango usijipige na upepo."

Nilidhani watacheka kule. Nilidhani Bi Zuhura atauliza ni nani huyo mwandishi, na Bibi atasema, huyu mtoto wa Kizungu hafai, mrudishieni Khola kalamu. Hesabu zangu ndizo hizo. Sikufikiri kwamba mikate ya Bi Zuhura ndiyo fahari ya umri wake, kwamba harusi za mtaa mzima zinaisubiri, na kwamba barua itasomwa kwa sauti mbele ya wanawake ambao wakati huo huo wameishika mkononi.

Jibu halikuja. Msafiri wa kwanza akarudi mikono mitupu, wa pili pia. Bibi akasema labda dada mgonjwa. Akaanza kuuliza kila gari likisimama nje, "Hajaja mtu?" Akaacha kunyoosha miguu, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa. Wa tatu akarudi bila kitu. Ndipo binti wa Bi Zuhura alipompigia Mama simu, na Mama akaiweka sauti ya wazi bila kujua kinachokuja, sote tuko mezani, mbele ya samaki wa kuchoma.

"Mama hataki hata jina kusikia," sauti ikasema. "Imesomwa mbele za watu, dada! Mlango! Sasa wanamwita Bi Mlango."

Nnaapa nilitaka kucheka. Kicheko kilifika hapa kooni kikakutana na uso wa Bibi, kikarudi. Bibi akamwelekea Ilham, taratibu, "Mwanangu, uliandika nini?" Na Ilham, badala ya kukana, akawa mwekundu mpaka masikioni akasema, "Labda niliandika vibaya. Kiswahili changu... labda nilitaka kuandika kitu kingine. Samahani, Bibi." Mama akamaka, "Utaandikaje mikate kuzuia mlango kwa bahati mbaya?" Ilham akasema tena, "Samahani." Hakuijua hata maana ya sentensi aliyokuwa akiiombea radhi. Akaenda kujifungia chooni akafungua bomba, na sisi sote tukasikiliza maji yakimwagika, na mimi nikaendelea kula samaki. Nilimla mpaka mkia. Huyo ndiye nilikuwa mimi.

Alhamisi iliyofuata Bibi akaita, "Khola! Njoo na kalamu." Nilikuwa nimeshinda. Na wiki hiyohiyo Mista Jobi alikuwa ametangaza kwamba darasa letu litawakilishwa na "dight". Nikakaa kwenye zulia, mgongo kwenye sanduku, kila kitu kimerudi kwangu. Bibi akasema, "Andika. Dada yangu Zuhura, nnakuomba radhi." Nikaandika. "Ulimi wangu haujayasema hayo, lakini barua imetoka kwangu, na ikitoka kwangu, ni mimi niliyesema. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mimi na wewe tumebaki wawili tu." Akatafuta leso. "Umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimefika kwenye "ni mimi" mkono ukasimama. Nikasema, "Bibi, si Ilham. Mimi ndiye niliyetia."

Watu hudhani bibi wote ni wepesi wa kusamehe. Wangu aliukunjua mkono wake akasema, "Nipe kalamu." Nikampa. "Toka." Nikasimama. "Na ukipita jikoni, niitie Neema." Neema akaingia akijifuta unga mikononi, akauliza, "Bibi, mimi? Si utanicheka?" Bibi akamwambia, "Nitakucheka, lakini utaandika nnachosema." Mlango ukafungwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimwonea wivu mtu ambaye kila siku namwambia akapike.

Ilham nilimkuta kwenye kitanda changu, yaani chake. Nikamtupia daftari langu la kitenzi. Nikamwambia nilichofanya, haraka haraka, kama mtu anayevua plasta. Nikasema, "Chukua hiyo. Panda wewe. Bibi aje kukusikiliza wewe."

"Sitaki."

"Chukua kabla sijageuka nia. Nnakuonea wivu mpaka meno yananiuma, Ilham, usinichoshe."

Akalifungua daftari, akalifunga. Akasema kwa Kiingereza, polepole, ili nisikose hata neno, kwamba hajapata kuwa mahali watu wanacheka sana hivyo, na kwamba kila wakicheka yeye huanza kucheka kwa kuchelewa, akinitazama mimi ajue wapi pa kuanzia. "Wewe unaelewa kila kitu mezani," akasema. "Unadhani mimi simwonei mtu wivu?" Nikamwambia hiyo si sababu ya kuchukua kitanda. Akanirushia mto. Hatukukumbatiana; tusitiane uongo. Lakini daftari alilala nalo. Tulipomwendea Mista Jobi kumwambia tumebadilishana, nilitarajia akatae. Akatutazama mmoja mmoja, akasema neno si gari, halina mulkiya. Mulkiya ndiyo ile kadi ya umiliki ambayo polisi wa barabarani humwomba kila mtu. Akaniandikia mimi "swink". Nilistahili.

Siku yenyewe Bibi alikuja. Abaya la hariri, kiti cha mbele, kama nilivyomwona kwenye ndoto zangu, isipokuwa aliyekuwa jukwaani hakuwa mimi. Mimi nilikaa ubavuni kwake, kwa amri ya Mama, kwa sababu Kiingereza cha Bibi kinaishia kwenye "good morning" na "how much", na pale hapakuwa na mtu mwingine wa kumfasiria. Wiki zote zile alikuwa hanisemeshi ila la lazima. Ilham akaanza. Nikamwegemea Bibi sikioni nikamwambia kila alichosema: neno hili kwanza lilikuwa kusema ili mwingine aandike. Nikahisi bega lake limetulia. Kisha likawa kupanga. Kisha kupamba. Na hapo, nnakiri, ulimi uliniwasha. Ilham alikuwa amesema jambo kavu kidogo, na mimi nilikuwa na kichekesho kizuri mno cha kulitilia, Bibi angekipenda, angedhani ni cha Ilham au angedhani ni changu, vyovyote angecheka. Nikakimeza. Halafu Ilham akafika mahali ambapo mimi sikupata kufika. Alikuwa ametafuta zaidi. Akasema neno halikufa lote. Kule Uskochi wapo wanaolisema mpaka leo, na kwao maana yake ni kupangusa, kufuta uchafu. Akajaribu kulitamka wanavyolitamka wao, lina kh katikati, na Ilham kh hana, hajapata kuwa nayo. Akasema "dikt", akarudia, "dikt", akabaki anameza mate mbele ya ukumbi mzima. Sikufikiri. Nikapiga kelele kutoka kiti changu, "Dikht!" kwa kh ya Kiarabu iliyojaa koo. Watu wakaangua kicheko. Ilham akacheka naye, kwa wakati wake safari hii, hakuchelewa.

Bibi akanishika mkono. "Kasema kupangusa?"

"Kasema kupangusa."

"Ndivyo alivyosema? Hujatia yako?"

"Sijatia, Bibi."

Akauachia mkono, akarudi kutazama jukwaa ambalo halioni vizuri. Tukapigiwa makofi, yaani akapigiwa Ilham, na mimi nikapiga mpaka viganja vikawaka, nusu kwa furaha na nusu kwa kuwa nilikuwa nataka kupiga kitu.

Bi Zuhura alijibu mwezi wa sita, kwa mistari mitano na mikate minane. Mwezi wa saba Ilham akarudi kwao. Alhamisi ya kwanza bila yeye nikaoga, nikavaa vizuri, nikachukua kalamu mpya, nikaenda kusimama kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha Bibi, mlango uko wazi kidogo. Kitanda cha dirishani changu tena, ukoko wangu tena, nafasi ya zulia iko tupu. Nikasubiri kuitwa. Nikasikia, "Neema! Njoo." Neema akanipita na daftari kwapani bila kunitazama, akaingia, akakaa. Nikaganda ukutani.

"Andika," Bibi akasema. "Baada ya salamu. Yule mmoja kaondoka, nyumba imepoa. Huyu mwingine tunaye, mkorofi vilevile, yupo nje ya mlango hapo anatusikiliza, anadhani kwa kuwa sioni basi na masikio yangu yamekwenda."

Kalamu ya Neema ikasimama. "Jamani, Bibi, na hilo niliandike?"

"Mbona nimelisema? Andika. Kalamu simpi bado. Andika 'bado', Neema. Usilisahau hilo."